Daftari la Wageni wa Kgalagadi

Katika kambi kubwa za Hifadhi ya Kgalagadi, huko pembeni mwa Afrika Kusini inapopakana na Botswana na Namibia, hapakosi mahali ambapo wageni, warudipo jioni na vumbi jekundu nyusoni, huandika walichokiona siku ile: simba wangapi, karibu na kisima gani, saa ngapi, na kama duma alikuwa peke yake au ana wana. Ukilisoma daftari la namna hiyo kwa siku kadhaa mfululizo, utadhani ya kuwa jangwa lile halikaliwi ila na simba, duma na chui, pamoja na fisi mmoja au wawili waliojipenyeza orodhani kwa bahati. Maana viumbe wengine wote, ambao kwa hesabu ya vichwa, kwa ajabu ya maisha yao na kwa faida waliyoiletea elimu ndio walio wengi, aghalabu hawaandikwi. Nakusudia hapa kulitetea jangwa dhidi ya daftari lake, ingawa, kama itakavyobainika mbele, daftari nalo lina haki yake.

Yafaa kwanza msomaji aijue nchi yenyewe. Kgalagadi ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 38,000, yaani zaidi ya mara mbili na nusu ya Hifadhi ya Serengeti, na takriban robo tatu yake iko upande wa Botswana, ambako wageni ni haba kwa kuwa njia ni za mchanga mtupu na zataka gari lenye nguvu katika magurudumu yote manne. Wataalamu wa hali ya hewa hawakubali kuiita Kalahari, nyika pana ambayo hifadhi hii ni sehemu yake, jangwa kamili, kama walivyokubali kuiita Namib iliyoko magharibi yake, kwani mvua hunyesha, wastani wa milimita 200 hivi kwa mwaka katika pembe ile ya kusini. Walakini hunyesha kwa ubahili na kwa upendeleo, ikainywesha nchi mahali hapa, na mwendo mfupi kutoka hapo ikapita bila kudondosha tone. Aliyesimama juu ya matuta yake saa nane mchana katika mwezi wa Januari, kivulini joto limepita digrii 40, na mchanga, ambao wekundu wake watokana na kutu ya chuma iliyogandamana na kila chembe, ukiunguza nyayo hata kupita soli ya kiatu, hatakuwa na haja ya kujadiliana na mtaalamu yeyote. Na mtu yuyo huyo akirejea mwezi wa Julai, akaamka alfajiri na kukuta maji yameganda ndooni, ndipo atakapojua kwamba taabu ya nchi hii ina pande mbili. Mchanga huo, wasema wanajiolojia, haukomei Botswana. Waendelea kaskazini kupitia Angola na Zambia hata kufika kusini mwa Kongo, ila huko umefunikwa na miti na majani hata wengi waukanyagao hawajui kuwa wanaikanyaga Kalahari.

Mito miwili hupita humo, Auob na Nossob, nayo inaitwa mito kwa heshima zaidi kuliko kwa maji. Auob hupata mkondo mara moja katika miaka mingi, na Nossob ni adimu kuliko huo, kiasi cha kwamba kizazi kizima cha watu chaweza kupita bila kuuona ukitiririka. Mwaka 1934 mvua kubwa isiyo ya kawaida ilinyesha, mabonde yakajaa, na neema ile iliyokuwa rehema kwa wanyama ikawaletea wanadamu mbu, na mbu wakaleta homa. Hata mlinzi wa kwanza wa hifadhi, Johannes le Riche, na msaidizi wake Gert Januarie, wakafa kwa malaria katika nchi ambayo kila mtu angetabiri kuwa kiu ndiyo ingewaua. Nduguye Johannes, Joep le Riche, akaombwa ashike kazi ile kwa muda, akaishika kwa zaidi ya miaka thelathini.

Hifadhi ilikuwa imeanzishwa miaka mitatu tu kabla ya msiba huo, mwaka 1931, kwa juhudi za waziri wa ardhi wa zama zile, Piet Grobler, aliyechukizwa na jinsi wawindaji walivyokuwa wakiwamaliza choroa. Lakini visima ambavyo leo wageni huegesha magari kando yake vina historia ya kale kuliko hifadhi yenyewe: vilichimbwa kandokando ya Auob mwaka 1914, Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza, ili majeshi ya Muungano wa Afrika Kusini yapate maji endapo yatapita njia hiyo kuivamia koloni ya Wajerumani, na mpima ardhi aliyevisimamia, akiwa na asili ya Uskoti, akavipa majina ya huko kwao, ndiyo maana hata leo simba hunywa maji Dalkeith na Montrose. Vita vikaisha, visima vikabaki. Ama mpaka wa nchi mbili, huo wafuata mkondo mkavu wa Nossob, wala haukupata kuwekewa uzio. Walinzi wa pande zote mbili walipatana kwa kinywa tangu mwaka 1948 wanyama waachwe wapite, na mapatano hayo ya kiungwana yakakaa zaidi ya nusu karne ndipo marais Festus Mogae wa Botswana na Thabo Mbeki wa Afrika Kusini walipokutana tarehe 12 Mei 2000 kuitangaza kuwa hifadhi moja ya mataifa mawili, ya kwanza rasmi ya namna hiyo barani.

Mgeni atokaye Afrika ya Mashariki, ambaye kipimo chake cha mbuga ni misafara ya nyumbu wa Serengeti au ndovu wa Amboseli, huenda akaona unyonge siku yake ya kwanza. Ndovu hakuna, kifaru hakuna, nyati hakuna. Twiga ni wachache, waliorudishwa katika miaka ya 1990 baada ya kutoweka zamani. Walio wengi ni wale swala waitwao springbok, wakaao mikondoni kwa makundi, pamoja na nyumbu, kongoni wekundu na choroa. Pofu huja na kuondoka kwa kadiri mvua ilivyonyesha huku au kule. Aina za mamalia ni sitini hivi, na za ndege karibu 280, ambazo chini ya mia moja ndizo zinazokaa humo mwaka mzima, nyingine zote zikiwa ni wapitaji wafuatao riziki. Hesabu hii si kubwa ikilinganishwa na ya kwetu. Lakini katika nchi isiyo na maji ya kudumu juu ya ardhi, kila jina katika orodha hiyo lina hila yake ya kuishi, na hila hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu.

Simba, kwa kuwa ndiye mwenye daftari, na atangulie. Madume ya Kalahari yamesifika kwa manyoya meusi ya shingoni, na wapiga picha huyafuata kutoka pembe zote za dunia. Lakini Profesa Fritz Eloff, aliyewachunguza kwa miaka mingi, alidhihirisha jambo lisiloonekana pichani, nalo ni kwamba simba hawa hutembea usiku masafa marefu mno kwa sababu windo limetawanyika, na tena hawamdharau nungunungu. Mnyama ambaye simba wa mbuga za neema humpita kando, huku ni chakula cha kawaida, na miiba yake, ikimwingia simba usoni au kooni, yaweza kumwachia kidonda cha kumzuia kuwinda hata akafa. Mgeni aandikaye "simba wanne, wamelala chini ya mgunga, saa tatu asubuhi" amewaona kwa hakika. Ila kazi yao, iliyo ya usiku, ya mbali na ya hatari, hakuiona hata kidogo.

Choroa, ambaye kwa ajili yake hifadhi ilianzishwa, haandikwi kabisa, kwa kuwa yuko kila mahali. Husimama peke yake juu ya tuta wakati wa adhuhuri, jua likimpiga ubavuni, pembe zake ndefu zimenyooka kama kwamba hana habari na joto, na mgeni humtupia jicho kisha akaendelea kumtafuta duma. Yaliyo ndani ya mwili ule yalidhihirishwa, kwa sehemu kubwa, karibu na nyumbani kwetu: katika miaka ya 1960 mtaalamu C. Richard Taylor aliwachunguza choroa na pofu huko Kenya, akaona ya kuwa choroa anyimwaye maji huacha joto la mwili wake lipande hata kufika digrii 45, kipimo ambacho kwa binadamu ni mauti, pasipo kutoa jasho la kuupoza mwili, ili asipoteze maji. Na usiku, hewa ipoapo, hulitoa joto lile bila gharama. Ubongo nao, usiovumilia joto la namna hiyo, husalimika kwa sababu damu iuendeayo hupita kwanza katika mtandao wa mishipa myembamba chini ya kichwa, kando ya damu iliyopozwa na pumzi puani. Maji anayoyahitaji huyapata katika majani ayalayo usiku, saa ambayo hata majani makavu hufyonza unyevu wa hewa, na katika mizizi na matango ya mwituni anayoyachimbua kwa kwato. Choroa aweza kunywa kisimani akikiona. Bila kisima pia huishi.

Sasa nifike kwa ndege mmoja ambaye, lau ningekuwa na mamlaka juu ya daftari, ningeamuru atengewe ukurasa wake. Ni firigogo, wa ukubwa wa njiwa, rangi yake imefanana na mchanga hata akitulia chini humwoni mpaka aruke mbele ya gurudumu. Yeye hula mbegu kavu, na mla mbegu kavu hana budi kunywa. Basi kila asubuhi, jua likiwa limekwisha panda, makundi yake hutokea angani kutoka mbali, yakiita kwa sauti ya kulalamika, yakazunguka juu ya kisima mara kadhaa kwa hadhari kubwa, kisha yakashuka kwa pamoja, yakanywa kwa haraka na kuruka. Hadhari hiyo ina sababu. Katika kisima cha Cubitje Quap, kaskazini ya kambi ya Nossob, bweha hulala kando ya maji wakijifanya hawana haja na mtu, na kozi hukaa juu ya mti mkavu. Firigogo akichelewa nukta mbili, amekwisha.

Lakini jambo la ajabu ni lile linalofanywa na dume wakati wa kulea. Makinda hawajui kuruka, na kiota, ambacho ni kishimo tu mchangani, chaweza kuwa mwendo wa kilomita nyingi kutoka majini, kwa kuwa mama huchagua mahali ambapo wanyama walao nyama hawana sababu ya kupita. Dume hujisugua tumbo mchangani kwanza, likakauka mafuta. Kisha huingia majini hata kifuani, akajitikisa juu na chini kwa dakika kadhaa, manyoya ya tumbo, yaliyoumbwa kwa nyuzi zilizojikunja ambazo zikilowa hujikunjua na kushika maji kwa wingi kuliko sifongo la uzito sawa, yakajaa. Ndipo aruke na mzigo wake, ashuke nyikani, asimame wima mbele ya wanawe, nao waingie chini ya tumbo wakayakamua manyoya kwa midomo yao.

Habari hii iliandikwa mara ya kwanza mwaka 1896 na Mwingereza E. G. B. Meade-Waldo, aliyefuga firigogo kwake na kuyaona hayo kwa macho yake, wala hakuaminiwa. Waliokuwa na elimu kuliko yeye walisema ni dhana, ni mazoea ya ndege wa kufugwa, ni jambo lisilowezekana kwa ndege arukaye juani kwa kasi ile, maana maji yangekauka njiani. Na maneno yao yakarudiwa vitabuni kwa miaka sabini na zaidi. Mwaka 1967 Tom Cade na Gordon Maclean, waliokuwa wamekaa wakichungulia visima vya hifadhi hii hii, walichapisha ushahidi wao kutoka nyikani pamoja na vipimo vya manyoya, na ubishi ukafa. Kila nilisomapo jambo hili hujiuliza ni wageni wangapi, katika miaka ile yote, walioegesha magari kando ya kisima kile wakimngojea simba, firigogo akachota maji mbele yao, nao wakawasha gari wakaondoka, pengine wakinung'unika kuwa leo hapakuwa na kitu.

Kiota cha kwera wa jamaa, walau, hakimpiti mtu, kwa sababu ya ukubwa wake. Ndege hawa ni wadogo kama shomoro, tena ni ndugu wa wale wanaosuka viota vyao katika minazi ya pwani yetu. Lakini hawa wa Kalahari hujenga jengo moja la majani makavu, mithili ya paa la makuti lililodondoka kutoka mbinguni na kukwama matawini, lenye vyumba mia na zaidi, kila kimoja na mlango wake unaotazama chini. Vizazi hupokezana jengo lile kwa makumi ya miaka, wakiongeza majani juu ya majani, hata uzito ukazidi nguvu ya mti na tawi likavunjika. Usiku wa baridi hulala kadhaa katika chumba kimoja, na vyumba vya ndani hubaki na uvuguvugu ilhali nje maji yanaganda. Mchana wa joto, mafungu yale ya majani huzuia jua. Madhali jengo zuri halikosi wapangaji, yuko kozi mdogo kuliko wote wa Afrika, ambaye hajui kujenga, huingia akachukua vyumba vyake na kutagia humo, akikubaliwa na wenyeji ingawa mara moja moja humla mmoja wao. Na yuko fira wa rangi ya dhahabu, ambaye hupanda mgunga polepole, akaingiza kichwa chumba baada ya chumba, akila mayai na makinda mpaka ashibe, wala hakuna wa kumzuia. Mwenye darubini na subira ya saa moja chini ya mti kama huo ataona matukio mengi kuliko yaliyomo katika kurasa kumi za daftari, na hatahitaji kusafiri hatua moja.

Wengine niwapitie kwa haraka, si kwa kuwa hawastahili. Kindi wa ardhini, jua likimzidia, hugeuza mgongo kulielekea, akajitandia mkia kichwani ukamfanyia kivuli, akaendelea kula. Bweha masikio huinamisha masikio yake mapana karibu na ardhi akasikiliza mchwa na mabuu watambaao chini ya mchanga kabla ya kuchimba. Nguchiro wa jangwani, wale wasimamao kwa miguu miwili, hupokezana zamu ya ulinzi, nao ndio pekee kati ya wadogo ambao hupata kuandikwa, labda kwa sababu wamezoeleka katika filamu. Jioni, jua likizama, mijusi midogo hutokeza vichwa mlangoni mwa mashimo yao na kuanza kugonga kwa sauti kali, mmoja akamjibu mwenzake, hata bonde zima likajaa makelele ambayo mgeni wa mara ya kwanza hudhani ni ya vyura, akashangaa vyura wametoka wapi.

Mimea nayo ina sehemu yake katika hesabu hii. Tsama, ndugu wa tikiti maji, hutambaa juu ya mchanga baada ya mvua na kuacha matunda yaliyojaa maji kwa miezi mingi, machungu kidogo lakini hayachaguliwi. Choroa huyala, panya huyala, na fisi wa kahawia, ambaye Gus Mills alianza kumfuatia mwaka 1972 na kukaa naye kwa miaka kumi na miwili, huyala vilevile, fisi akila tikiti ili anywe. Na uko mti mdogo wa shina jeupe, jamii ya Boscia, ambao hauvutii jicho la mpita njia, lakini wachimbaji wa kisima huko Kalahari walikuta mizizi yake katika kina cha mita 68, mojawapo ya vina virefu kabisa ambamo mizizi ya miti imepata kukutwa. Kivulini mwake utawaona springbok, duma na mbuni, kila mmoja kwa saa yake.

Nyegere ndiye aliyenionyesha, katika kusoma habari zake, ni nani hasa aliyekuwa na macho katika nchi hii. Colleen na Keith Begg, mke na mume, walikuja mwishoni mwa miaka ya 1990 kumchunguza mnyama huyu mkali, ambaye wakati ule karibu hakuna lililojulikana juu yake. Na ilikuwa dhahiri tangu mwanzo kwamba mtu akizunguka na gari akitumaini kumwona, hatamwona. Eneo la dume mmoja ni mamia ya kilomita za mraba. Walimpata kwa msaada wa mjuzi wa nyayo, aliyeweza kusoma mchangani kuwa nyegere alipita usiku, alisimama hapa akanusa, akachimba pale akamkosa panya, akapanda mti ule kumtafuta nyoka. Na baada ya kufuatwa kwa miezi, mnyama akawazoea, wakaona mengi, mojawapo likiwa kipanga wa kijivu anayeandamana na nyegere kutoka mti hadi mti, ili amnyakue panya atimuliwaye kutoka shimoni. Waliona hata nyegere aliyeumwa na moma akaanguka kama maiti, kisha akaamka na kumaliza kumla yule yule nyoka aliyemuuma.

Elimu hiyo ya nyayo ni ya Wasan, na wenye nayo walitolewa humo. Wasan wa Khomani walikuwa wakiishi na kuwinda kati ya mito ile miwili kabla ya kuwako ramani. Hifadhi ilipoanzishwa walivumiliwa kwa muda, kisha wakaondolewa kidogo kidogo, wakatawanyika mashambani mwa watu na pembeni mwa miji, lugha yao ikakaribia kufa vinywani mwa wazee wachache. Baada ya utawala wa ubaguzi kuanguka, wakiongozwa na mzee Dawid Kruiper, walidai haki yao, na mwezi wa Machi 1999 serikali ikawarudishia ardhi nje ya hifadhi, na mwaka 2002 ikakamilika habari ya hektari zipatazo 25,000 ndani yake, pamoja na ruhusa ya kuwinda na kukusanya kwa kadiri ya mapatano. Mwaka 2017 UNESCO iliiandika nchi hiyo katika Urathi wa Dunia kwa jina lao, kwa ajili ya utamaduni wao, si kwa ajili ya simba. Naona hukumu hiyo ilikuwa ya haki, ingawa ilichelewa.

Sasa niiseme haki ya daftari. Kumbukumbu za wageni, ziwe za kalamu au za kamera, si za kupuuzwa, madhali mgeni mmoja ana macho mawili na hifadhi ina walinzi wachache kuliko matuta. Chui, kwa mfano, kila mmoja ana madoa yasiyofanana na ya mwingine. Picha zilizopigwa na wageni wa Kgalagadi, zikilinganishwa kwa makini, zimewawezesha wachunguzi kuwatambua chui mmoja mmoja, wakajua huyu ni mwana wa yule, na huyu aliyekuwa Auob ameonekana Nossob. Kazi ya namna hiyo ingehitaji fedha nyingi na miaka mingi lau ingefanywa na wataalamu peke yao. Kasoro ni kwamba ushahidi huu huinamia upande wa tamaa ya mwandishi: wanyama wapendwao huandikwa mno, wasiopendwa huandikwa kidogo, na njia za magari huonekana kuwa na wanyama wengi kuliko nyika ambayo gari halifiki. Yako pia madhara ya papo hapo, kwa kuwa habari ya simba ikitoka, hasa siku hizi ambapo simu huifikisha kabla ya jioni, magari huja kwa mbio katika njia ambazo mwendo ulioruhusiwa ni kilomita 50 kwa saa, yakamzunguka duma mwenye wana hata akaacha windo lake.

Atakaye kwenda na ajue haya. Mji wenye uwanja wa ndege ulio karibu ni Upington, nao uko mwendo wa kilomita 250 hivi kutoka lango la Twee Rivieren. Liko pia lango la Mata-Mata kwa atokaye Namibia. Mei hadi Agosti mchana ni wa kupendeza na usiku ni wa baridi kali, kwa hiyo mtu wa Mombasa au Dar es Salaam asiidharau blanketi; Septemba na Oktoba wanyama hukusanyika visimani kwa kiu; Januari hadi Aprili ni joto na radi, lakini ndio wakati wa ndege wawindao, wa maua na wa wana wa springbok. Kushuka garini hakuruhusiwi ila mahali palipowekwa alama. Kwa maoni yangu, siku moja ya kukaa kisimani tangu jua kuchomoza hadi saa tano yashinda siku tatu za kukimbia bondeni.

Na kwa wakuu wa hifadhi zetu zilizo kavu, Mkomazi kwa Tanzania na Sibiloi, kandokando ya Ziwa Turkana, kwa Kenya, nina ombi. Wekeni daftari langoni, mpige safu zake mapema kwa ajili ya mhanga, firigogo, fisi madoa na fisi miraba, nyegere na kobe, ili mgeni aulizwe habari zao kabla hajaanza kusimulia za simba. Kisha mpeni mtu mmoja kazi ya kulisoma kila mwisho wa mwezi. Nawe msomaji, ukienda mwaka huu ukalikosa daftari hilo, andika katika karatasi yako mwenyewe jina la mnyama, tarehe, saa, mahali na idadi, umkabidhi mhifadhi kabla ya kutoka.